Kuhariri Ripoti za Madaktari Ukiwa Nyumbani: Mwongozo kwa Anayeanza

Maswali ninayoulizwa na wanaotaka kuingia katika kazi hii hayabadiliki sana. Je, kompyuta haijaichukua kazi yote? Ni lazima mtu awe amesomea uuguzi? Ninunue kwanza pedali ya mguu ya kuendeshea sauti au programu? Na kwa nini nimeshindwa katika jaribio la kampuni ilhali sikukosea tahajia hata moja? Nimeandika mwongozo huu ili majibu yakae mahali pamoja, kwa ajili ya msomaji anayekijua Kiingereza vizuri, awe anaishi Nairobi, Arusha, Mombasa au kwingineko, na anayetaka kazi halali ya kufanyia nyumbani ambayo inadai umakini kuliko kasi.

Kazi yenyewe ni hii. Daktari akimaliza kumwona mgonjwa au kumfanyia upasuaji, hutoa imla: husema maelezo yake kwenye simu au kinasa sauti. Zamani mnukuzi aliisikiliza imla hiyo na kuipiga chapa yote tangu mwanzo. Siku hizi, mara nyingi, sauti hupita kwanza katika programu ya kutambua usemi, nayo hutoa rasimu. Kisha rasimu na sauti hufikishwa kwa mhariri, ambaye husikiliza huku akisoma na kurekebisha, halafu ripoti hurudi kwa daktari aitie saini. Mashine imepunguza kazi ya vidole, lakini kazi ya sikio imebaki palepale. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la JAMA Network Open ulichunguza ripoti 217 zilizotayarishwa kwa njia hii na kukuta kwamba rasimu za mashine zilikuwa na makosa kwa kiwango cha asilimia 7.4, yaani zaidi ya saba katika kila maneno mia, na kwamba baada ya mnukuzi kuzipitia kiwango kilishuka hadi asilimia 0.4. Kazi ya mhariri ndiyo iliyoleta tofauti hiyo.

Ni haki pia uujue upande wa pili kabla hujatumia fedha yoyote. Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani inakadiria kwamba ajira za wanukuzi wa kitabibu nchini humo zitaendelea kupungua, na kampuni nyingi za huko huajiri wakazi wa Marekani pekee kwa sababu baadhi ya mikataba ya hospitali inakataza taarifa za wagonjwa kuvuka mipaka. Nafasi zilizo wazi kwa mtu aliye Afrika Mashariki zipo, ila ni chache na hushindaniwa. Hata hivyo, ujuzi huu una soko jingine ambalo wengi hawalitazami: idara za mionzi za hospitali binafsi za kwetu huhitaji watu wa kuandika ripoti anazozisema daktari, na taasisi za utafiti wa afya huhitaji watu wa kunukuu mahojiano ya Kiswahili na Kiingereza. Anayejifunza kusikiliza kwa makini hapotezi muda wake.

Mambo ya kuwa nayo kabla ya kuanza

Kwanza, kompyuta. Simu haitoshi na kishikwambi hakitoshi. Kompyuta mpakato ya kawaida inafaa, mradi iwe na mfumo endeshi unaopokea masasisho ya usalama na uwezo wa kufungua kichakata maneno na kicheza sauti kwa pamoja bila kukwama.

Pili, vifaa vya kusikilizia vya waya, vinavyofunika masikio yote mawili. Usitumie vile visivyo na waya kwa kazi hii, kwa kuwa sauti yake huweza kuchelewa kidogo baada ya kubonyeza, na ucheleweshaji mdogo ukijirudia mara mia kadhaa kwa siku huchosha.

Tatu, programu ya kuchezea sauti iliyotengenezwa kwa wanukuzi. Express Scribe ina toleo la bure linalotosha kujifunzia, na oTranscribe hufanya kazi ndani ya kivinjari bila malipo. Unachotafuta ni uwezo wa kusimamisha, kurudisha nyuma sekunde chache na kupunguza mwendo bila kuondoa mikono kwenye kibodi.

Nne, umeme na intaneti vinavyotegemeka. Betri ya akiba ya kuendesha kompyuta na kipanga njia kwa saa mbili ina thamani kuliko kompyuta ya bei kubwa. Weka pia bando la simu kama njia ya pili.

Tano, chumba chenye mlango unaofungwa. Usiri wa taarifa za mgonjwa, nitakaoueleza katika hatua ya pili, ni sharti la kisheria wala si suala la starehe.

Pedali ya mguu inaweza kusubiri. Katika jaribio la kujiunga utamudu kwa vitufe vya kibodi. Ukishapata kazi ya kudumu, nunua, kwa maana pedali huiachia mikono kazi ya kuandika tu.

Huhitaji kuwa umesomea uuguzi au udaktari. Unahitaji kuijua lugha ya kitabibu, nayo ndiyo inayoanza.

Hatua ya 1: Jifunze lugha ya kitabibu kwa kuivunjavunja

Usijaribu kukariri kamusi nzima. Maneno mengi ya kitabibu ya Kiingereza yamejengwa kwa vipande vya Kigiriki na Kilatini ambavyo hurudiarudia, na mtu akivijua vipande mia mbili hivi anaweza kufungua maelfu ya maneno. Kiambishi -itis ni uvimbe unaotokana na uambukizo au muwasho. -Ectomy ni kuondoa kiungo au sehemu yake. -Otomy ni kukata ili kufungua. -Ostomy ni kutengeneza tundu la kudumu au la muda. Brady- ni polepole, tachy- ni haraka, hyper- ni kuzidi, hypo- ni kupungua. Jifunze kwa mifumo ya mwili: moyo na mishipa kwa wiki moja, mapafu wiki nyingine, kisha tumbo, mifupa, na kadhalika, ukiandika kila neno kwa mkono na kulitamka kwa sauti, kwa kuwa kazini utakutana nalo kupitia sikio kabla ya jicho.

Sambamba na hayo, zijue aina za ripoti na mpangilio wake. Ripoti ya historia na uchunguzi wa mgonjwa, ripoti ya upasuaji, muhtasari wa kuruhusiwa kutoka hospitalini na ripoti ya mionzi ndizo utakazokutana nazo zaidi. Kila moja ina vichwa vyake vya ndani ambavyo hufuata utaratibu uleule. Mtu anayejua kwamba baada ya orodha ya dawa hufuata mzio wa dawa, husikia vizuri hata imla ya daktari anayemeza maneno, kwa sababu sikio lake limeshajua linatarajia nini.

Hatua ya 2: Linda taarifa za mgonjwa kabla hujapokea hata faili moja

Marekani ina sheria iitwayo HIPAA, iliyopitishwa mwaka 1996, ambayo kanuni zake hulinda taarifa za afya za mtu na kuzibana hospitali pamoja na wakandarasi wa nje wanaozishughulikia kwa niaba yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Zote mbili zinazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Kabla ya kazi utasaini mkataba wa usiri. Usome wote, na uulize unapokosa kuelewa.

Kwa vitendo, fanya haya: fungua akaunti yako peke yako katika kompyuta, yenye nywila ambayo mke, mume au watoto hawaijui; washa usimbaji wa diski nzima ili kompyuta ikiibiwa isisomeke; washa uthibitishaji wa hatua mbili katika kila mfumo wa kampuni; funga skrini kila unaponyanyuka; usichapishe ripoti kwenye karatasi; na usihifadhi sauti baada ya muda ulioruhusiwa. Usifanye kazi hii katika sehemu ya kukodi kompyuta wala kupitia intaneti ya bure ya mgahawa.

Kosa ninaloliona mara nyingi kwa wageni ni kukata kipande cha sauti na kukituma katika kundi la WhatsApp kwa swali la nia njema kabisa: daktari anasema nini hapa? Huko ni kutoa siri ya mgonjwa, na unaweza kufukuzwa siku hiyohiyo. Vivyo hivyo, usibandike ripoti katika programu ya bure ya akili mnemba ili ikusahihishie sarufi. Maandishi uliyobandika yameshatoka mikononi mwako na huwezi kuyarudisha. Mwaka 2003 mnukuzi mmoja wa Karachi, nchini Pakistani, aliyefikiwa na kazi kupitia mlolongo wa wakandarasi, alitishia kuzianika mtandaoni rekodi za wagonjwa wa hospitali ya Chuo Kikuu cha California huko San Francisco akidai malipo yake. Dai lake la fedha linaweza kueleweka, lakini tangu wakati huo kila mfanyakazi wa mbali hutazamwa kwa shaka, na ni wajibu wetu sisi tunaofanya kazi hii kwa uaminifu kuiondoa shaka hiyo kwa mwenendo wetu.

Hatua ya 3: Jizoeze kwa sauti isiyo ya mgonjwa yeyote

Usiombe sauti kwa rafiki anayefanya kazi hospitalini. Tunga ripoti ya mgonjwa wa kubuni, au chukua mfano kutoka kitabu cha mafunzo, kisha mwombe mtu aisome kwa mwendo wa kasi huku akijinasa kwenye simu. Cheza sauti hiyo ukiwa umewasha uandishi wa sauti katika Google Docs au katika Microsoft Word, nayo programu itakupa rasimu yenye makosa halisi ya mashine. Hapo umejipatia zoezi linalofanana na kazi yenyewe, bila gharama na bila kumdhuru mtu.

Anza, hata hivyo, kwa kunukuu sauti kadhaa tangu mwanzo bila msaada wa mashine. Wapo watakaokuambia hatua hii imepitwa na wakati, nami sikubaliani nao. Mtu ambaye hajawahi kunukuu kwa sikio lake mwenyewe huiamini rasimu anayoiona mbele yake, na jicho lake humwongoza sikio kusikia neno lililoandikwa badala ya neno lililosemwa. Ni kawaida kwa anayeanza kutumia dakika nne au zaidi kwa kila dakika moja ya sauti, kwa hiyo usikate tamaa kwa mwendo wako wa mwanzo.

Hatua ya 4: Hariri rasimu kwa mpangilio mmoja kila mara

Unapofungua kazi, hakiki kwanza kwamba jina la mgonjwa, namba yake na tarehe vilivyo katika mfumo vinalingana na anavyosema daktari mwanzoni mwa imla. Ripoti nzuri iliyoingia katika faili la mtu mwingine ni hatari kuliko ripoti mbaya. Visipolingana, simama hapo na utoe taarifa.

Kisha cheza sauti kwa mwendo wa kawaida, kidole chako au kishale kikifuata kila neno kwenye rasimu. Usiruke sehemu inayoonekana safi. Programu za siku hizi, ziwe Dragon Medical au nyingine, huandika Kiingereza fasaha mno, na kosa lake mara nyingi halionekani kama kosa: sentensi inasomeka vizuri, sarufi imekaa, maana ndiyo iliyogeuka. Hili ndilo jibu kwa yule aliyeshindwa jaribio bila kukosea tahajia. Mashine haikosei tahajia. Huacha neno moja dogo la kukanusha, na mgonjwa asiye na maumivu ya kifua akawa nayo. Kwa hiyo weka sikio lako hasa katika sehemu hizi:

Maneno ya kukanusha na yanayofanana nayo. Maneno no na known kwa Kiingereza husikika karibu sawa, na ripoti karibu zote huwa na sehemu ya mzio wa dawa ambapo maneno hayo mawili hukaa pamoja.

Maneno pacha ya kitabibu. Hypertension na hypotension ni shinikizo la damu la juu na la chini. Dysphagia ni shida ya kumeza na dysphasia ni shida ya lugha. Ileum ni sehemu ya utumbo mwembamba na ilium ni mfupa wa nyonga. Perineal na peroneal ni sehemu za mwili zilizo mbalimbali kabisa. Muktadha ndio utakaoamua, na muktadha unaupata tu ukiielewa ripoti unayoisoma.

Kulia na kushoto, mwanamume na mwanamke. Daktari mwenyewe huweza kuanza na goti la kulia na kumaliza na la kushoto. Usichague wewe. Hatua ya 6 inaeleza la kufanya.

Amri za alama za uandishi. Daktari akisema colon akimaanisha utumbo mpana, mashine huweza kuweka nukta mbili. Akisema period akimaanisha hedhi, huweza kufunga sentensi. Tafuta alama zilizokaa mahali pasipo na maana.

Maneno aliyoyafuta daktari. Akisema kwa Kiingereza kwamba neno lililotangulia lifutwe, mashine nyingine huliacha neno hilo pamoja na agizo lenyewe la kulifuta. Ondoa vyote viwili.

Baada ya sauti kuisha, isome ripoti yote mara moja bila kusikiliza, ukijiuliza kama hadithi ya mgonjwa inashikamana kuanzia malalamiko yake hadi mpango wa tiba. Aliyekuja kwa sababu ya figo hapaswi kuruhusiwa kwa sababu ya nyonga.

Hatua ya 5: Namba na dawa zisikilizwe mara mbili

Hapa ndipo ninapokusihi usiharakishe kwa sababu yoyote. Mwaka 2008, katika jimbo la Alabama, mgonjwa wa kisukari alifariki baada ya kupewa insulini kufuatana na muhtasari ulionukuliwa nje ya nchi, ambamo yuniti 8 ziliandikwa 80. Mwaka 2012 baraza la mahakama liliamuru familia yake ilipwe dola milioni 140. Kosa lilikuwa sifuri moja.

Kila unapofika kwenye dozi, rudisha sauti na uisikilize tena peke yake. Fifteen na fifty, yaani 15 na 50, hutofautiana kwa pumzi ndogo mwishoni mwa neno, na vivyo hivyo jozi nyingine zote kuanzia 13 na 30 hadi 19 na 90. Daktari asiposema kwa uwazi, pima na kiwango cha kawaida cha dawa hiyo, lakini kipimo hicho ni cha kukutia shaka, si cha kukupa jibu.

Kwa uandishi wa dozi, fuata orodha ya vifupisho visivyoruhusiwa ambayo Joint Commission, taasisi ya Marekani inayokagua ubora wa hospitali, iliitoa mwaka 2004. Andika 0.5 mg, usiandike .5 mg, kwa sababu nukta isiyoonekana hugeuza nusu kuwa tano. Andika 5 mg, usiandike 5.0 mg, kwa sababu nukta ikipotea tano huwa hamsini. Sifuri hiyo ya mwisho inakubalika tu mahali inapoonyesha usahihi wa kipimo, kama katika matokeo ya maabara au ukubwa wa uvimbe kwenye picha ya mionzi. Andika neno zima units badala ya herufi U, ambayo kwa haraka husomeka kama sifuri au nne, na andika neno daily badala ya QD. Kwa mikrogramu tumia mcg badala ya µg, ambayo huweza kusomeka kama mg, kwa kuwa kati yake na miligramu kuna tofauti ya mara elfu.

Majina ya dawa nayo yana mapacha. Hydroxyzine hutolewa kwa muwasho na wasiwasi, hydralazine hushusha shinikizo la damu. Celebrex ni ya maumivu, Celexa ni ya sonona. Jiulize kila mara: ugonjwa uliotajwa unalingana na dawa hii? Weka karibu nawe kamusi ya dawa inayosasishwa, na usiridhike na tahajia iliyopendekezwa na kompyuta.

Hatua ya 6: Usichokisikia, acha pengo

Hii ndiyo kanuni ninayoithamini kuliko zote katika kazi hii, na ndiyo ngumu zaidi kwa mtu aliyefundishwa tangu shule kwamba nafasi tupu ni kushindwa. Ukisikiliza mara tatu na neno halijafunguka, endelea mbele, kwani mara nyingi daktari hulirudia baadaye kwa uwazi zaidi. Ukifika mwisho na bado, acha pengo kwa alama ambayo kampuni yako inaitumia, andika dakika na sekunde ya sauti ambapo neno hilo lipo, na uandike jinsi linavyosikika. Daktari atajaza kwa sekunde chache. Neno ulilobahatisha, kwa upande mwingine, halina alama yoyote ya kumwonya. Litapita mbele ya macho yake, litasainiwa, na litamfuata mgonjwa kwa miaka.

Hali kadhalika daktari anapojipinga. Kama alisema goti la kulia mwanzoni na la kushoto mwishoni, andika kama alivyosema na uweke alama ya kuuliza. Sarufi unaweza kumrekebishia, tiba huwezi. Na usimpunguzie maneno kwa kuwa unaona anajirudia.

Hatua ya 7: Jipime kabla ya kuomba kazi

Kampuni nyingi hudai usahihi wa asilimia 98 au zaidi, na hupima makosa kwa uzito: dozi iliyokosewa huweza kuangusha ripoti nzima, koma iliyosahaulika hupunguza kidogo. Chukua mazoezi uliyoyafanya, linganisha na maandishi ya asili, na uandike makosa yako katika makundi: namba, dawa, kukanusha, maneno yaliyoachwa, alama. Baada ya majuma machache utaliona kundi linalokuangusha, na mazoezi yako yaelekee huko.

Chama cha kitaaluma cha Marekani cha kazi hii, kwa kifupi AHDI, kilianza mwaka 1978 kwa jina jingine, na kilianzisha vyeti viwili: RHDS kwa wanaoanza na CHDS kwa wenye uzoefu. Si lazima uwe navyo ili kuanza, na nisingekushauri ulipie mtihani kabla hujajua kama sikio lako linaiweza kazi. Mwongozo wake wa mtindo, kinyume chake, unafaa kununuliwa mapema, kwa sababu majaribio mengi husahihishwa kwa kuufuata.

Hatua ya 8: Omba kazi, na ukokotoe malipo kabla ya kukubali

Malipo huwa kwa mstari, kwa dakika ya sauti au kwa saa. Mstari wa kawaida katika kazi hii ni herufi 65, nafasi zikihesabiwa. Tuchukue mfano wa kubuni: ripoti ya herufi 3,900 ni mistari 60, kama mstari mmoja ni senti 4 za dola, umepata dola 2.40, ikiwa imekuchukua dakika 40, kipato chako ni dola 3.60 kwa saa kabla ya kutoa gharama za umeme, intaneti na makato ya kupokea fedha. Fanya hesabu hii kwa kila kampuni, ukijua kwamba kuhariri rasimu ya mashine hulipwa kwa mstari kiasi kidogo kuliko kunukuu tangu mwanzo, hata pale ambapo rasimu ni mbovu kiasi kwamba ingekuwa rahisi kuanza upya. Uliza mapema: rasimu mbovu ikitokea, naruhusiwa kuitupa na kuhesabiwa kama nimenukuu?

Uliza pia saa za kazi. New York iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa nane wakati wa majira ya baridi na saa saba wakati wa kiangazi, kwa hiyo asubuhi yao ya saa tatu ni jioni yetu ya saa kumi na moja au saa kumi. Ripoti za dharura huja usiku wetu. Zungumza na watu wa nyumbani kwako kuhusu hilo kabla hujasaini.

Onyo: mwajiri wa kweli hakutozi ada ya kuandikishwa, ya jaribio au ya kukununulia programu. Anayedai fedha kwanza, au anayekutaka utumie akaunti ya mtu mwingine aliyeko Marekani ili uonekane uko huko, mkimbie. Kukodi akaunti ni udanganyifu, na taarifa za mgonjwa zikivuja wewe ndiwe utakayeachwa na mzigo.

Matatizo ya mara kwa mara na namna ya kuyatatua

Sauti ni hafifu au ina kelele. Ongeza sauti kwenye programu badala ya kompyuta nzima, punguza masafa ya chini kama programu inaruhusu, na upunguze mwendo hadi asilimia 80 hivi. Chini ya hapo maneno huanza kuvutika na kupotea.

Lafudhi ya daktari ni ngeni kwako. Baadhi ya madaktari wa Marekani na Uingereza hutoka India, Nijeria, Ufilipino na kwingineko. Kusanya ripoti zake za nyuma zilizosainiwa, kama mfumo unaruhusu, uzisome. Kila daktari ana misemo yake, na baada ya ripoti kadhaa utaanza kumtambua.

Mashine imeandika sentensi ambayo haimo katika sauti. Hutokea, hasa mahali penye kimya. Watafiti walioichunguza Whisper, mfumo wa kutambua usemi uliotolewa na OpenAI mwaka 2022, walikuta takriban asilimia moja ya vipande vya sauti vikiwa na maneno yaliyobuniwa kabisa. Usitafute sababu ya sentensi hiyo. Ifute, na utoe taarifa kwa msimamizi.

Faili halifunguki. Angalia kiambishi cha mwisho cha jina lake. Faili za dss na ds2 hutoka katika vinasa sauti vya kitaalamu na huhitaji toleo la kulipia la Express Scribe au programu nyingine inayozisoma. Usizipeleke katika tovuti za kubadilisha faili bure, kwa sababu ileile iliyotajwa katika hatua ya pili.

Pedali haifanyi kazi. Ihamishie tundu jingine la USB, kisha ufungue mipangilio ya programu na uichague upya. Kawaida kanyagio la kati huchezesha, la kushoto hurudisha nyuma na la kulia hupeleka mbele.

Viganja na shingo vinauma. Shusha kibodi hadi viwiko vikae sawa na meza, inua skrini hadi usawa wa macho, na usimame kila baada ya saa moja. Weka pia njia za mkato za kuandika misemo inayojirudia, lakini zihakiki moja moja: njia ya mkato yenye kosa hulisambaza kosa hilo katika kila ripoti.

Umeme au intaneti vimekatika ripoti ikiwa mkononi. Hifadhi, hamia kwenye bando la simu, na umjulishe mratibu mara moja ili ripoti apewe mtu mwingine kama ni ya dharura. Namba au anwani ya mratibu iwe imeandikwa kwenye karatasi ukutani, kwa kuwa wakati huo hutaweza kuitafuta kwenye mfumo.